Supu ya nyanya ya haraka kwa chakula cha usiku mnaipikaje? Niko Mtwara, krimu sina

Binti_Chikongola

Habari zenu wana jikoni, wakubwa shikamooni. Naomba mnielekeze supu ya nyanya, ile nzito laini ya kwenye bakuli unachovya na mkate, sio mchuzi wa kulia wali. Natoka kazini saa kumi na moja na nusu, nipite sokoni, mpaka nifike nyumbani Chikongola giza limeshaingia, wadogo zangu wawili wamerudi shule wana njaa, ugali samaki ugali samaki wameshachoka na mimi wa kuusonga nimechoka kuliko wao 😅 sasa nataka siku mbili tatu kwenye wiki tule kitu chepesi, na kiwe mezani kabla ya taarifa ya habari ya saa mbili.

Nina jiko la gesi la pleti mbili, sufuria za kawaida, blenda ipo ila umeme ndo hivyo mnajua wenyewe. Friji sina. Hizi recipe za kwenye simu zote zinataka krimu ya kupikia ambayo huku ukiikuta supamaketi kwa bei ile bora nichukue kuku nijue moja. Halafu nyanya za kipindi hiki zina uchachu aisee, hata mchuzi wa kawaida siku hizi bila karoti haunyweki. Sasa bila krimu inakuwaje nzito? Uchachu mnaukata na nini? Na kwa watu watatu ni nyanya ngapi? Wa kunicheka chekeni ila jibuni kwanza.

Kolekole

Supu haina mfupa haina pweza 😂😂 mdogo wangu si useme tu unataka kunywa rojo. Pita Feri jioni chukua vichwa vya changu, chemsha na ndimu na pilipili, dakika ishirini watu wanatoka jasho. Haya wenye mambo ya nyanya njooni, mi nakaa pembeni nasoma.

MamaWawili_Ligula

Huyo muache. Mdogo wangu krimu unaitafutia nini na wewe uko Mtwara, korosho zimejaa mpaka stendi? Chukua korosho zilizobanguliwa ila hazijakaangwa, tena usinunue zile nzima nyeupe za watu kupeleka zawadi Dar, ulizia vipande, zile zilizovunjika kwenye kubangua, bei inashuka na ladha ni ileile kwani si unaenda kuzisaga. Nusu kikombe cha chai inawatosha watatu mpaka wanne. Ukiingia ndani hata viatu hujavua zimwagie maji ya moto funika, zikae wakati unamenya vitunguu, baada ya dakika 15 au 20 zimelainika, saga na maji kidogo mpaka ukipitisha kidole husikii chenga. Krimu yako hiyo.

Supu yenyewe sasa. Nyanya kilo moja, za saizi ya kati ni nane mpaka kumi hivi, zilizoiva kweli. Kitunguu maji kimoja kikubwa, swaumu punje tatu nne, karoti moja ndogo, mafuta vijiko viwili vya kulia. Watu wengi wanachoharakisha ni kitunguu, wanakitupia kwenye mafuta yanayofuka moshi kinaungua pembeni katikati kibichi, halafu nyanya juu, supu ikitoka chachu wanasema nyanya mbaya. Moto mdogo, nyunyizia chumvi kidogo kitoe maji, weka na karoti uliyoikwangua, funika, dakika nane hivi mpaka kilegee kabisa kianze rangi ya dhahabu kwa mbali, utamu wa supu unatokea hapo na sio kwenye kopo la sukari. Swaumu iingie mwishoni maana ikiungua uchungu wake hautoki tena hata ufanyeje. Ndo uweke nyanya, zikate vipande vikubwa, usimenye na usitoe mbegu, yale majimaji ya kwenye mbegu ndio yana ladha kuliko nyama yake na watu ndio wanayomwaga kwenye sinki. Funika ziache zijivunje zenyewe dakika kumi, ongeza maji vikombe viwili, chemsha dakika tano nyingine, saga, chuja kama hao wadogo zako ni wa kuchagua maganda. Rudisha jikoni mimina ile korosho, moto mdogo, koroga usiondoke maana korosho ikipata moto inakuwa nzito ghafla na inashika chini. Ikizidi ongeza maji. Chumvi, pilipili manga, basi. Mimi na mkaa wangu natumia nusu saa na ushee, wewe wa gesi utaniacha.

Halafu blenda, supu ya moto usijaze, nusu tu, toa kile kizibo kidogo cha kwenye mfuniko uweke kitambaa juu. Mvuke ukikosa pa kutokea unarusha mfuniko na supu yote inakuja usoni, sio utani.

Binti_Chikongola

Dada angu nakushukuru mno, korosho sikuwaza kabisa na ninazipita kila siku. Sasa maswali ya nyongeza, umeme ukikata naipondaje? Na nikikosa mbichi zile za kukaanga zenye chumvi za kwenye pakiti zinafaa?

KakaNewala

Za kukaanga zinaingia ila supu inakuwa na rangi ya udongo na ladha inageuka, kila mtu atasikia korosho na nyanya inajificha nyuma. Ukilazimika, zioshe chumvi kwanza na supu usiitie chumvi mpaka uionje.

Umeme sasa, huku kwetu juu hatuisubiri blenda. Kata nyanya katikati, chukua greta, kwangua upande wa ndani, nyama yote inashuka ganda linabaki mkononi unalitupa, kilo nzima haikuchukui dakika tano, na unakuwa umeshaokoa kazi ya kuchuja. Kitunguu nacho kikwangue hivyohivyo, machozi yatakutoka lakini kinaiva haraka na hakionekani kwenye supu. Korosho zilizolowekwa zinatwangika kwenye kinu, hata kile kidogo cha swaumu, twanga kidogo kidogo ukiongeza maji ya uvuguvugu, halafu kamua kwa chujio la tui. Unapata maziwa ya korosho. Makapi usitupe, kesho yanaingia kwenye kisamvu.

Kitu kingine mnachosahau nyie wa mjini ni vyombo. Huku juu Newala maji tunayajua thamani yake, mtu wa sufuria tatu, blenda, chujio na bakuli mbili za kupikia supu ya watu watatu hatumuelewi. Sufuria moja, greta moja, umemaliza.

Nuru_lishe

Naongezea kwenye uchachu maana hapo ndo watu wanapigana kila mara. Sukari haiondoi tindikali, inakudanganya ulimi tu, tindikali yote bado iko mlemle. Ukitaka kuipunguza kweli ni magadi soda, ile ya unga ya kuokea, robo kijiko cha CHAI kwa kilo ya nyanya, tena ianze na pungufu. Weka nyanya zikishalegea, kabla ya korosho, itatoa povu na kupanda juu, ndio tindikali inakutana na magadi inatoka gesi, kwa hiyo sufuria isiwe imejaa. Koroga povu likate ndo uonje. Ukizidisha inakuwa na ladha ya sabuni na rangi inafifia, na magadi yakiwa mengi yanaua vitamini C iliyobaki, kwa hiyo ni kidogo sana. Yale magadi ya mawe tunayopikia maharage pia yanafanya kazi ila yana chumvichumvi yake na kila jiwe lina ukali wake, unga una uhakika zaidi.

Mafuta msiyabanie sana. Ile rangi nyekundu ya nyanya ambayo tunasema ina faida inatoka vizuri nyanya ikipikwa na mwili unaichukua ikiwa na mafuta, sasa korosho na vile vijiko viwili vinatosha, haina haja ya nusu kikombe.

Sufuria za aluminiamu unaweza kupikia, ila usilaze supu ya nyanya humo mpaka asubuhi, tindikali inakula bati na chakula kinashika ladha ya chuma. Hamishia kwenye bakuli la udongo, la kioo au hata la plastiki ikishapoa. Na kabla ya yote ulizia hao wadogo kama wanakula korosho bila shida, kuna watoto midomo inavimba na ngozi inawasha, huyo usimpe hata kijiko. Mwenye kiungulia ama vidonda vya tumbo naye nyanya za usiku usiku atazilipia kitandani.

MamaWawili_Ligula

Nuru hapo kwenye magadi nakuheshimu lakini kitunguu kikiiva vizuri na nyanya zikiwa zimeiva hayo magadi hayana kazi, mimi naona watu wanakimbilia magadi kwa uvivu wa kusubiri kitunguu.

Nuru_lishe

Dada kwa nyanya za Agosti nakubaliana na wewe. Kwa nyanya za Februari pika kitunguu mpaka kesho, chachu iko palepale 😄

Mzee_wa_Ngapa

Hapo mmefika kwenye jambo lenyewe sasa, mnabishana mapishi wakati tatizo lilianzia sokoni. Mimi niko Lindi, bustani yangu iko bondeni Ng'apa, nyanya nalima kiangazi. Kuanzia Juni mpaka Oktoba nyanya za mabondeni huku kwetu zinachumwa zimeiva leo kesho ziko sokoni, hizo hazitaki magadi wala sukari. Mvua zikishaanza Desemba mpaka Aprili nyanya za huku zinaliwa na ugonjwa wa majani, zinaoza chini, wengi tunaacha, ndio unakuta sokoni zimejaa za nyanda za juu, za Ilula Iringa na kwingine. Nyanya zao ni nzuri sana kule kwao, lakini safari ile mkulima anamchumia dereva, hachumi iliyoiva, anachuma inayoanza kugeuka rangi ili matenga yafike. Inakuja kuiva ndani ya lori, nje nyekundu ndani nyeupe. Mnakumbuka Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokata barabara kule Somanga magari yakalala njiani? Hapo ndio ukajua kapu la mboga la mtu wa kusini linapitia wapi.

Kwa hiyo mjukuu wangu ununuzi uwe hivi. Usichague ya mviringo inayong'aa, chagua iliyorefuka kidogo umbo la yai, mbegu za Tanya na jamaa zake, hizo zina nyama nene na maji machache, supu inakuwa nzito yenyewe. Ikiwa ngumu nunua siku mbili kabla, itandaze kwenye ungo mahali pa kivuli, isilale kwenye mfuko wa plastiki. Huna friji na hujakosa kitu, nyanya ikikaa kwenye baridi ladha inakufa. Na jioni pale wauzaji wanapofunga kuna fungu la masalia, zile zimelegea zimepasuka kidogo, watu wanazipita wanaona zimeoza. Kwa supu hizo ndizo, bei nusu, kata palipoharibika tupa, iliyobaki ni sukari tupu. Ila yenye ukungu au inayonuka pombe achana nayo yote, usijifanye unakata.

Binti_Chikongola

Shikamoo babu. Hilo fungu la masalia ndo huwa naliona saa nafika mimi, kumbe Mungu ananipangia. Asante sana.

Mzee_wa_Ngapa

Marahaba. Omba na muuzaji akuwekee, ukizoeana naye hata kukuchagulia atakuchagulia.

Bi_Mikindani

Nimesoma nacheka, mtu wa pwani anaambiwa asage korosho na nazi ziko mlangoni. Mwanangu korosho hela, nazi ni ya kuangua. Kuna nazi moja, kaa kwenye mbuzi kuna, kamua tui zito weka pembeni, ongeza maji kamua tui jepesi. Nyanya zako pika hivyo alivyokuelekeza huyo wa Ligula, ila mahali pa yale maji vikombe viwili weka tui jepesi, na pilipili mbuzi moja NZIMA ielee humo isipasuke, inatoa harufu bila kuwaunguza watoto. Mwisho kabisa ukishazima moto au umeupunguza sana ndo mimina tui zito, koroga upande mmoja, usifunike, usiruhusu ichemke kwa fujo. Tui na nyanya chachu vikichemka pamoja kwa nguvu vinagombana, tui linakatika unaona mafuta huku na mabonge huku, chakula kinalika lakini haipendezi. Ndimu nisije nikasikia mtu kaitia.

Nyie wa blenda mtanisamehe, mimi nyanya nakwangua tangu msichana.

MamaWawili_Ligula

Shikamoo bibi. Tui silikatai, ila mtu katoka kazini amechoka umuweke kwenye mbuzi akune nazi saa moja usiku? Na tui linataka uangalizi, korosho hata ikichemka haikatiki kiasi hicho, ndo maana nikampa hiyo. Jumamosi afanye ya tui.

Bi_Mikindani

Marahaba mwanangu. Nazi moja mtu anakuna kabla hao watoto hawajamaliza kutafuta vijiko. Nyie mmelelewa na supamaketi.

Kolekole

Sawa nimenyamaza vya kutosha. Ile ya tui hapo juu nimeielewa 👀 mimi nashauri hivi kwa wenye meno, chukua dagaa wakavu kiganja kimoja, toa vichwa, kaanga wakauke wawe wanavunjika, nusu watwange uweke kwenye kitunguu wakati kinaiva, nusu nyingine unamwagia juu kwenye bakuli. Supu inapata mwili, na mtu mzima anaweza kulala nayo bila kuamka saa sita kutafuta ugali. Kamba wakavu pia. Naona hapo tumeelewana kidogo na hao wa rojo.

Nuru_lishe

Hata mimi naunga mkono dagaa, maana supu peke yake na mkate mweupe kwa mtoto wa shule ni chakula kidogo. Korosho ina protini yake ila nusu kikombe kwa watu watatu sio nyingi hivyo. Wasipopenda dagaa chemsha mayai.

Binti_Chikongola

Jana nimeipika wapendwa. Ya korosho, nyanya za masalia, umeme ulikuwepo. Magadi niliweka ncha ya kijiko tu, povu lilipanda nikaogopa lakini lilikata. Imetoka nzito kama uji wa kunywa, huyu mdogo wa mwisho kaniuliza hii umeinunua wapi 😂 tumekula na muhogo wa kuchemsha maana mkate uliisha dukani, na muhogo naona umeikubali zaidi hata ya mkate. Kijana wa dagaa wiki ijayo zamu yako.

Swali la mwisho jamani, ilibaki kama mabakuli mawili, nikaogopa kulaza tukaimaliza usiku usiku matumbo yanauma kwa shibe. Bila friji na hili joto letu inaweza kufika asubuhi?

KakaNewala

Ikishachanganywa na korosho au tui usibahatishe, hasa tui, kwa joto la huko chini bahari inapowatolea mvuke inachacha kabla ya adhana ya alfajiri. Fanya hivi, ukishasaga nyanya chota ile utakayolaza kabla hujatia korosho. Hiyo ya nyanya tupu na kitunguu irudishe jikoni ichemke vizuri, funika na mfuniko wake palepale na usiingize kijiko tena. Asubuhi ichemshe upya kabla ya kitu chochote, inuse, ikiwa na dalili ya povu au harufu imegeuka mwaga. Chombo kisiwe cha aluminiamu, umeshaambiwa hapo juu.

MamaWawili_Ligula

Na hiyo ya kulaza wala usiirudishe kuwa supu. Asubuhi ikaushe kidogo kwenye kikaango na kitunguu na pilipili hoho, vunjia mayai matatu humo, funika dakika nne, watoto wanakula na chapati za kununua wanaenda shule. Korosho zako za vipande zifunge kwenye kopo kavu lenye mfuniko wa kubana, zikianza kunuka mafuta ya zamani usizitie kwenye supu, na kwa hiyo nunua za wiki wiki, hata kwenye msimu zikiwa bei rahisi.